Kombe la Mama na Siku Arobaini

Chini ya kitanda cha mama yangu, nyumbani Nyahanga, mjini Kahama, palikaa kombe kubwa la baharini, limefungwa kwa kanga kuukuu. Lilikuwa nusu ya gamba la yule chaza mkubwa anayeishi kwenye miamba ya bahari, jeupe kwa ndani, lenye mikunjo minene kwa nje, refu kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Nilipokuwa na miaka sita niliweza kulisogeza tu, kulinyanyua nilishindwa. Kutoka Kahama mpaka baharini ni safari ya basi ya siku nzima, na ukishuka bado hujaiona bahari alikozaliwa mama. Sijaona nyumba nyingine mjini kwetu yenye kitu kama hicho, na nyumba nimeingia nyingi, maana mimi ni fundi wa kuchomelea na mageti ya watu wengi nimeyafunga kwa mikono yangu.

Mama ni mtu wa kisiwa cha Mafia. Baba alikuwa fundi mwashi, Msukuma wa Kagongwa, mkandarasi akamchukua kwenda Mafia kujenga madarasa. Alikwenda na mwiko na pima maji, akarudi na mke. Mama alishuka na sanduku moja, mkeka, na hiyo nusu ya kombe. Nusu ya pili ilibaki kwa kaka yake, mjomba wangu, kwa sababu chaza ana magamba mawili na bibi hakutaka kubagua watoto wake.

Kazi ya kombe lile ilikuwa moja. Kwao mama, au labda kwenye ukoo wao tu, sijawahi kuhakikisha, mtoto akitimiza siku arobaini anatolewa nje asubuhi, anaonyeshwa jua, na maji ya kumwogesha siku hiyo yanatiwa kwenye kombe. Mwogeshaji anakaa mkekani, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya miundi, kisha anachota maji kwa kiganja, kidogo kidogo, kuanzia utosini. Bibi aliogeshwa hivyo. Mama aliogeshwa hivyo. Na mimi niliogeshwa hivyo, hapa hapa bara, katikati ya kuku na vumbi, mbele ya majirani waliokuja kushangaa.

Kushangaa kwao kulikuwa na sababu. Sisi Wasukuma kombe la baharini tunalijua kwa njia nyingine. Watemi wa zamani na waganga walivaa kipande chake cheupe shingoni, kidogo tu, na kipande hicho kina heshima yake mpaka leo. Sasa mwanamke mgeni anashuka kwenye lori amekumbatia kombe zima ambalo halienei kwenye karai! Mtaa ulimaliza maneno siku ileile: fundi kaoa mganga, tena si mganga wa kubabaisha.

Wiki haikuisha wakaanza kuja. Mama alipenda kunisimulia habari ya mwanamke mmoja aliyefika na kuku mweusi kwapani, akapiga goti mlangoni, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, nisaidie. Ng'ombe wangu hawashiki mimba."

"Mama, mimi ni mke wa fundi tu. Hilo ni la kuogeshea watoto."

Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa adabu. "Ndivyo wanavyosema waganga wakubwa wote."

Akaacha kuku, akaondoka. Mama alikaa na yule kuku siku mbili akiogopa kumchinja, baba akamchinja yeye, wakamla. Mwaka uliofuata mwanamke alirudi na maziwa kwenye kibuyu, kushukuru. Mpaka leo kuna wazee wakipita mbele ya nyumba yetu wanavua kofia, na mama, mwanamke wa sala tano, anaona aibu mpaka anaingia ndani.

Baada yangu mama alizaa wengine wawili. Hawakufika arobaini. Kombe lilitolewa chini ya kitanda, likaoshwa, likasubiri, likarudishwa. Mama hakupenda kulizungumza jambo hilo na mimi sikuuliza. Nilijua tu kwamba katika nchi hii ya ugenini kombe lile limeogesha mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi.

Nilipokuwa darasa la nne alinipeleka kwao kumwona bibi. Ndiyo mara pekee niliyoyaona maji yake. Asubuhi moja ya bamvua, bahari ilikuwa imekwenda mbali mno mpaka miamba imebaki nje, na wanawake wa nyumba ile walitoka na vijiti vyao kutafuta pweza. Mama alinishika mkono, akaniambia sisi tunamtafuta mwenye kombe. Tulitembea mpaka jua likapanda. Nilikuwa nimevaa makobazi makubwa ya mjomba na kila hatua nilikuwa naanguka.

"Utotoni mwangu ungemkanyaga bila kumtafuta," alisema, na nikaona amekasirika kidogo, kama mwenyeji aliyemwalika mgeni akakuta chungu hakina kitu.

Tulimpata mmoja. Alikuwa kwenye kidimbwi cha maji safi, amebanwa na mwamba pande zote, kinywa wazi kikitazama juu. Midomo yake ilikuwa ya buluu yenye madoa ya kijani, minene, imejikunja kama pindo la gauni. Sikuwahi kuona buluu ile na sijaiona tena. Niliinama nimguse, naye akajikunja ndani pole pole, gamba likaanza kufunga. Mama akanivuta nyuma kwa ukosi wa shati.

"Kivuli chako hicho. Ondoa kivuli, anataka jua. Jua ndilo linalomlisha."

Tulihamia upande wa pili, tukachutama. Baada ya muda akafunguka tena. Nikamuuliza mama kama huyu atakwenda wapi maji yakirudi.

"Haendi popote. Anafika mdogo, anashika mwamba, basi. Hapo hapo mpaka kufa, na anaishi miaka mingi, pengine kuliko mimi na wewe."

"Hachoki kukaa mahali pamoja?"

Alifikiri kwanza. "Anazoea," akasema.

Nilikuwa mtoto, nilidhani tunamzungumzia chaza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nikiwa na miaka ishirini, kidato cha nne kimenikataa na baba ameshatangulia mbele ya haki, nilikimbilia Rwamgasa kuchimba dhahabu. Nilishuka duarani, yale mashimo yetu ya kuteremka kwa kamba, nikabeba mawe, nikayapeleka kwenye karasha kusagwa, nikaosha mchanga wake mwaloni, pale pa kuoshea, kwenye maji mekundu. Kila aliyeugusa mchanga wako alibaki na kidogo kwenye kucha. Kuna jamaa alifuga ukucha wa kidole kidogo kwa kazi hiyo tu, na tulimheshimu kwa ustadi wake. Mimi nilijiona mjanja kuwapita wote. Nikaamua mchanga wangu wa mwisho, ule mzito unaobaki baada ya kuosha, siuchenjui, yaani siitoi dhahabu yake, mbele ya mtu. Nitaufunga kwenye mfuko, nipande gari, nikaumalizie nyumbani nyuma ya nyumba.

Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mafia kumzika mama yake, akakaa kule miezi miwili. Nyumba ilikuwa yangu.

Ili kuikamata dhahabu unatia zebaki kwenye mchanga wenye maji, unasugua kwa vidole mpaka zebaki imeokota chembe zote, unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge hicho unakichoma, zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Tulifanya hivyo mikono mitupu, tukicheka. Kasoro moja tu nyumbani: mabeseni yetu yalikuwa ya rangi, mekundu na meusi, na mimi nilitaka chombo cheupe nione kila chembe. Nilizunguka nyumba nzima. Kisha nikapiga magoti chini ya kitanda cha mama.

Sitasema sikujua. Zebaki sikuijua ubaya wake, hilo ni kweli, lakini kwamba kombe lile si la mchezo nilijua, na ndiyo maana kabla ya kufungua kanga niliangalia vizuri lile fundo limefungwaje. Nilimimina zebaki ndani yake. Ilikimbia kwenye ule weupe, ikajikusanya pale chini, na nakumbuka nilifurahi jinsi inavyoonekana vizuri. Nilifanya hivyo mara tatu kabla mama hajarudi. Kila nikimaliza nilisugua kombe kwa sabuni na majivu, nikalifunga fundo lilelile. Dhahabu yenyewe ilinipa redio na jozi ya viatu. Redio iliibwa.

Mama aliporudi alikuwa amekonda. Aliingia chumbani, akalivuta kombe, akakaa nalo mapajani bila kulifungua, kanga na yote. Nilisimama mlangoni nikamwambia pole ya msiba. Akasema ahsante baba.

Rwamgasa niliiacha baada ya kujifunza kuchomelea kwenye makarasha yaliyokuwa yakivunjika kila siku. Nikafungua karakana Kahama, nikaoa msichana muuza mchele wa Kagongwa, Msukuma mwenzangu, mcheshi, asiyeogopa mtu. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Mama hakusema neno. Ila niligundua kwamba kila Ijumaa alikuwa analitoa kombe, analianika juani kwa muda, analirudisha.

Mke wangu aliposhika mimba, mama alianza kucheka peke yake akipika.

Ikawa siku moja mke wangu amerudi kutoka kliniki, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, ananipa habari za kule.

"Leo nesi katusema sisi tunaotoka huku kwenye machimbo. Eti kuna wanawake wanapikia kwenye sufuria zilizopita zebaki. Anasema chombo kikishapita zebaki basi, usikitie chakula, usikiogeshee mtoto. Hata ukisugua vipi. Inajificha kwenye nyufa."

"Mimi si mchimbaji," nikasema.

"Nani kakutaja wewe, baba?" Akacheka, akaendelea kumenya.

Mama alipotoka kwenda sokoni nililifungua kombe nikalipeleka dirishani. Ndani, karibu na pale magamba mawili yalipokuwa yameungana, palikuwa na nyufa nyembamba nyembamba, na mojawapo ilikuwa na rangi ya kijivu. Huenda ilikuwa hivyo tangu baharini. Huenda haikuwa. Niliitazama mpaka macho yakaniuma, na tangu siku hiyo sikupata amani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira za baba yake. Siku ya kwanza mama alimpokea mikononi, akamwambia kwa sauti ndogo, "Bado siku arobaini, mama, nikutoe." Nilitoka nje nikajifanya natafuta ufunguo.

Nilikuwa na siku arobaini. Nikimwambia mama, namvunja moyo mwanamke aliyengoja miaka thelathini na kitu kulitoa kombe lile kwa furaha. Nikinyamaza, mwanangu anaogeshwa kwenye sumu niliyoitia mwenyewe. Mtu mzima angemaliza jambo hilo asubuhi moja. Mimi nilitafuta njia ya tatu.

Nikampigia mjomba Mafia, nikiwa karakana, nimeziba sikio moja kwa kelele za grainda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Tumesikia mmepata mtu. Mungu amkuze."

Nikazunguka weee, mwisho nikasema shida yangu: nataka kombe jingine, la ukubwa uleule. Nitagharamia.

"Jingine? Unadhani yako dukani? Wale wamekwisha, mwanangu. Watu waliwala, wakauza magamba kwa wageni, na wewe unajua mmoja anachukua miaka mingapi kukua mpaka kufika huko. Siku hizi eneo letu tunalilinda, kumng'oa ni kosa. Na mimi ni mmoja wa walinzi."

"Hata mmoja, mjomba? Hata aliyekufa mwenyewe?"

"Sikiliza. Amebaki mmoja huku, mmoja kule, mbali. Hawa hawatembei kufuatana. Kila mmoja anatoa mbegu zake majini, ziende zikutane na za mwenzake. Mwenzake akiwa mbali, mbegu zinapotea tu. Mzima yupo, anafungua kinywa kila siku, lakini hazai. Halafu nikamng'oe huyo?"

Nikamwomba basi aniazime nusu yake, ile ya pili ya kombe la mama. Nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi nitakavyozibadilisha.

"Nusu yangu iko kaburini kwa bibi yako, kichwani," alisema. "Mama yako ndiye aliyeiweka kwa mkono wake, siku ile tuliyomzika. Mvua ikinyesha inajaa, ndege wanakunywa. Unataka niing'oe?"

Nilihesabu. Siku ambazo mama alikuwa anaiweka nusu moja juu ya kaburi la mama yake, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua zebaki kwenye nusu ya pili.

"Upo?" akauliza mjomba.

"Nipo. Hapana, usiing'oe."

"Sijui umefanya nini, na usiniambie mimi. Kamwambie mama yako."

Ilinichukua muda bado. Siku ya ishirini nilimkuta anamwimbia mtoto, nikaona nisiharibu. Siku ya thelathini alikuwa na wageni. Mimi mwenyewe nilikuwa nafurahi kila nikipata kisingizio, tusidanganyane. Siku ya thelathini na sita, asubuhi, nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele wa kupikia wageni wa arobaini. Kombe lilikuwa kando yake juani, limeoshwa, linameta. Mke wangu alikuwa mlangoni ananyonyesha. Nikachutama mbele ya mama, nikasema yote kwa pumzi moja, kuanzia mfuko wa mchanga mpaka maneno ya nesi.

Hakuinua uso. Vidole viliendelea kutafuta mawe.

"Lini?"

"Ulipokwenda kumzika bibi."

Vidole vikasimama.

"Ulichomea wapi?"

"Hapo nyuma, kwenye jiko la mkaa."

"Ulivuta ule moshi?"

"Nilifunga leso puani, mama."

"Nakuuliza, ulivuta au hukuvuta?"

"Nilivuta."

Akaweka ungo chini, akaja kwangu kwa magoti. Akanishika kidevu, akavuta kope za macho yangu kwa kidole gumba, jicho moja baada ya jingine. Akaniambia nitoe ulimi. Nikatoa, mwanaume wa miaka thelathini na nne, mwenye karakana na vijana wanaoniita bosi. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, akaitazama kama inatetemeka. Kisha akasimama, akaupiga ungo teke, mchele ukatapakaa uani, kuku wakaja mbio.

"Wale wawili walichukuliwa na homa," alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Sikuwa na la kufanya. Wewe niliyebakiwa naye nilikuwa naamka kila alfajiri naomba udongo usikufukie. Kumbe huku wewe unajitilia sumu mwenyewe! Kwenye chombo nilichokuogeshea!"

"Nisamehe, mama. Nimekuharibia kombe."

"Kombe!" Alinitazama kama asiyenielewa kabisa. "Nani anazungumza kombe?"

Akalia. Na mimi nililia, sikuona haya. Nilikuwa nimebeba hofu miezi kadhaa nikidhani najua mama atalilia nini, kumbe hata hilo sikulijua. Mke wangu alikaa mlangoni na mtoto, na safari hii hakuwa na utani wowote.

Siku iliyofuata mama alivaa baibui lake la safari, akamwambia mke wangu, "Mwambie mume wako tunakwenda hospitali." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Alinipeleka kupimwa, akakaa na mimi kwenye benchi asubuhi nzima bila kunisemesha, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Daktari alisema kwa kadiri anavyoona niko salama, miaka imepita mingi, ila nikiona mikono inakufa ganzi nirudi. Mama akamuuliza maswali mpaka daktari akaanza kutazama mlango. Chai yangu niliipata kwa kuambiwa kupitia mke wangu, siku mbili nzima.

Siku ya thelathini na tisa aliniita kwa mdomo wake mwenyewe. Kombe lilikuwa mezani, halina kanga.

"Lipeleke karakana ukalitoboe hapo chini, katikati. Tundu la kupitisha kidole."

"La nini, mama?"

"Siku yangu ikifika utaniwekea kichwani, kama bibi yako. Lakini lako hili maji yasikae. Ndege wasije wakanywa."

Chuma nakitoboa kila siku bila hata kukitazama. Tundu lile lilinishinda mara tatu. Nilifunga mdomo na pua safari hii, nikalowesha kitambaa ili vumbi lisiruke, nikakandamiza drili taratibu, na vijana wangu walipoona nafuta macho wakaenda kukaa nje wenyewe. Ndani ya gamba, pale drili ilipopita, kulikuwa na mistari myembamba myeupe, mmoja juu ya mwingine, mingi isiyohesabika, jinsi yule mnyama alivyokuwa akijijengea siku kwa siku pale pale mwambani. Nilipomaliza nililimwagia maji. Yakapita yote, yakaanguka kwenye viatu vyangu. Nikalirudisha nyumbani, mama akatia kidole kwenye tundu, akaridhika, akalifunga kwenye kanga yake.

Arobaini ilifika na jua zuri. Wageni walikuwa wachache, majirani wanawake, wakwe zangu kutoka Kagongwa. Sisi ni nyumba ya dini mbili, kwa hiyo kulikuwa na dua na kulikuwa na wimbo wa kanisani, na wali ulikuwa mmoja. Mama alitoka na beseni jipya la plastiki, jeupe, bado lina karatasi ya dukani kwa chini. Alitandika mkeka katikati ya uwanja. Nilikuwa nimesimama pembeni na wanaume, ndipo mahali petu siku kama hizo, nikimngoja aketi na anyooshe miguu. Hakuketi.

"Njoo ukae wewe," aliniambia.

Wanawake wakacheka. Kwetu mwanaume kuogesha mtoto mchanga, tena mbele ya wakwe, haijapata kuonekana, na mama mkwe wangu alisema wazi, "Mayu, huyu atamwangusha!" Mama hakumjibu. Nikavua viatu, nikaketi, nikanyoosha miguu. Mke wangu akamfungua mtoto, akamlaza juu ya miundi yangu, uchi, mwepesi ajabu, akipepesa macho kwa jua lake la kwanza. Mama akapiga magoti ubavuni kwangu, akaweka mkono wangu wa kushoto chini ya shingo ya mtoto, akauvuta kidogo, akaupanga vidole. Beseni alilisogeza karibu na mkono wa kulia.

Sikuweza kuutia majini.

"Mama," nikamwambia chini chini, wengine wasisikie, "mikono hii ndiyo iliyosugua zebaki."

"Ndiyo niliyonayo," alisema. "Chota maji."